Nini Kiliondoa Gugu Maji Ziwa Victoria: Fukusi au El Niño?

NEEMA: Karibu, msikilizaji, katika kipindi chetu cha sayansi. Mimi ni Neema, nipo Mwanza, na mwenzangu Odhiambo yupo Kisumu, kwa hiyo leo sote wawili tunazungumzia maji tunayoyaona kila siku. Mada ni gugu maji la Ziwa Victoria, na hasa swali ambalo watafiti walibishania kwa miaka kadhaa bila sisi wakazi wa kandokando ya ziwa kusikia mengi: gugu lile lililofunika ghuba zetu miaka ya 1990 lilipotoweka, ni nini hasa kilichokuwa kimeliondoa: fukusi, yaani wadudu walioachiliwa ili walile, au hali ya hewa ya El Niño?

ODHIAMBO: Ahsante sana, dada Neema. Kabla ya kufika huko, inafaa msikilizaji ajue gugu hili lilitoka wapi. Asili yake ni bonde la Mto Amazon, Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, ambalo lilipendeza katika vidimbwi vya bustani. Misri ililipata mwishoni mwa karne ya 19. Huku kwetu lilionekana katika Mto Pangani mwaka 1955, likaonekana Ziwa Kyoga, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1989 lilikuwa limeripotiwa Ziwa Victoria kwenyewe.

NEEMA: Na Mto Kagera unaendelea kuleta mimea mipya kutoka juu, upande wa Rwanda, hadi hivi leo. Hilo husahaulika mara nyingi, kwamba hata ziwa likisafishwa lote, mto unabaki ukileta mbegu ya kesho.

ODHIAMBO: Kasi yake ndiyo iliyowashangaza watu. Gugu moja hutoa vikonyo vitambaavyo juu ya maji, kila kikonyo kikachipua mmea mpya mwishoni mwake, na joto na virutubisho vikiwa vya kutosha eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Hilo ni bila kutegemea mbegu. Mbegu nazo zipo, hutua chini kwenye tope, na zinaweza kukaa hai kwa miaka 15 au zaidi.

NEEMA: Hapo niongeze jambo la jenetiki, kwa sababu nadhani ndilo linaloeleza mengi. Huko Amerika Kusini mmea huu una maua ya namna tatu, yanayotofautiana kwa urefu wa sehemu zake za uzazi, na chavua ya ua la namna moja hustahili ua la namna nyingine. Spencer Barrett wa Chuo Kikuu cha Toronto amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika nchi ambako gugu limevamia, namna inayopatikana zaidi ni ile ya urefu wa kati, ile ndefu huonekana mara chache, na ile fupi haijatoka nje ya makazi yake ya asili. Yeye na wenzake walipopima vinasaba vya magugu kutoka mabara mbalimbali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waligundua kwamba kloni moja ndiyo iliyotawala sehemu kubwa ya maeneo yaliyovamiwa.

ODHIAMBO: Yaani gugu la Kisumu na gugu la Asia linaweza kuwa, kwa vinasaba, mmea mmoja uliokatwa vipande?

NEEMA: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Wengi hudhani kwamba mvamizi lazima awe na vinasaba vya aina nyingi ili aweze kuzoea mazingira mapya, lakini huyu amefanikiwa bila hilo, kwa kubadilisha umbo tu kulingana na mahali alipo. Penye nafasi hukaa mfupi, na vikonyo vya majani yake huvimba kama maputo. Penye msongamano hurefuka na kusimama wima hadi kufika kiunoni mwa mtu au zaidi.

ODHIAMBO: Sasa madhara. Sitakaa sana hapa kwa kuwa yanajulikana. Bandari ya Kisumu ilizibwa, bwawa la umeme la Owen Falls kule Jinja likahangaika na mikeka ya magugu kwenye milango ya maji, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Mwishoni mwa mwaka 1998, vipimo vya picha za setilaiti viliweka eneo lililofunikwa upande wa Kenya, karibu lote likiwa katika Ghuba ya Winam, kwenye takriban hekta 17,000. Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba si samaki wote waliopungua. Chini ya mkeka wa magugu oksijeni hushuka, na sangara, ambaye sisi tunamwita mbuta, hawezi kuvumilia hali hiyo, lakini kamongo anapumua hewa ya juu na kambare naye ana kiungo kinachomwezesha kufanya hivyo, kwa hiyo watafiti waliona samaki hao wawili wakiongezeka katika mavuno ya Winam.

NEEMA: Na konokono wanaobeba kichocho hujishikiza kwenye mizizi na majani. Tuwafikie fukusi sasa.

ODHIAMBO: Fukusi ni wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wote wenyeji wa Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Wamarekani waliwaachilia Florida mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuwajaribu kwa muda mrefu juu ya mimea mingine ili kuhakikisha kwamba hawataila. Uganda iliwaachilia mwishoni mwa mwaka 1995, Kenya mwaka 1997, na Tanzania iliwazalisha katika kituo chake cha udhibiti wa kibayolojia kule Kibaha. Ukishika jani lililoshambuliwa utaona makovu madogo yenye pembe, kama vile mtu amekwangua ngozi ya jani kwa ukucha. Hayo ni ya fukusi mzima, anayekula usiku zaidi, na peke yake hayaui mmea.

NEEMA: Anayeua ni buu.

ODHIAMBO: Ndiye. Fukusi jike huingiza mayai ndani ya kikonyo cha jani, buu akianguliwa anachimba kuelekea chini hadi kwenye kitovu cha mmea, pale majani mapya yanapozaliwa. Ukipasua kikonyo kwa wembe unaukuta mfereji wenye rangi ya kahawia iliyokolea, na kuzunguka mfereji ule tishu ya sifongo inayoshika hewa imejaa maji na kuoza. Buu akikomaa hujifunga kwenye kifuko kidogo kinachoshikamana na mizizi hai ndani ya maji, na huko ndiko anakogeuka kuwa fukusi. Kizazi kimoja huchukua miezi miwili na nusu hadi minne hivi. Mmea ulioshambuliwa hivyo kwa vizazi kadhaa hutoa majani madogo, unashindwa kuchipua, unazama kidogo kidogo, na upepo ukija unauvunja.

NEEMA: Upepo ukija. Naomba tusimame kwenye maneno hayo, kwa sababu ndipo ubishi ulipoanzia. Adrian Williams, Hamish Duthie na Robert Hecky waliandika mwaka 2005 katika jarida la Aquatic Botany wakiuliza kwa nini gugu lilitoweka haraka namna ile. Hoja yao, kwa muhtasari, ni kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mawingu mengi, mwanga wa jua ukapungua kwa muda mrefu kuliko kawaida, na wakati huohuo kina cha ziwa kikapanda kwa zaidi ya mita moja na mawimbi yakaing'oa mikeka iliyokuwa imejishikiza ufukweni. Kwa maoni yao, hali ya hewa ilibeba sehemu kubwa ya kazi ambayo fukusi walipewa sifa yake yote.

ODHIAMBO: John Wilson na wenzake wakajibu mwaka 2007, katika jarida hilohilo, na kichwa cha makala yao hakikuacha shaka: kupungua kwa gugu Ziwa Victoria kulisababishwa na fukusi. Walikumbusha kwamba gugu limepungua kwa namna inayofanana katika nchi nyingine ambako fukusi waliachiliwa, na kwamba El Niño huenda ilisaidia tu kuvunja mikeka iliyokwisha kudhoofishwa. Williams na wenzake nao wakajibu tena. Mimi binafsi naegemea upande wa Wilson, na sababu yangu ni ya kalenda. Uganda, iliyotangulia kuachilia fukusi, ndiyo iliyotangulia kuona gugu likipungua, mwaka 1998. Kenya, iliyochelewa, ilifikia kilele chake mwishoni mwa mwaka huo, miezi kadhaa baada ya mvua za El Niño kukatika, na kupungua kwenyewe kukaja mwaka 1999. Kama giza la mawingu ndilo lililoua, kwa nini Winam ingestawi baada ya mawingu kuondoka?

NEEMA: Kaka Odhiambo, hoja hiyo ina tundu. Mvua zilezile zilisomba udongo wa mashamba kupitia mito ya Nyando na Sondu-Miriu, na udongo ule ulibeba fosforasi na naitrojeni. Winam ni ghuba isiyo na kina kirefu, na mlango wake kuelekea ziwa kuu ni mwembamba. Kwa hiyo ghuba yenu ingeweza kupata mbolea nyingi kiasi cha kufidia mwanga uliopungua, wakati sehemu zilizo wazi za ziwa zikiteseka. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa; nasema kalenda peke yake haitenganishi nadharia hizi mbili. Ili kuzitenganisha tungehitaji ghuba iliyokuwa na El Niño bila fukusi, na hakuna mtu aliyeiacha ghuba hata moja kwa makusudi hivyo, kwa kuwa watu walikuwa wanahitaji msaada.

ODHIAMBO: Nakubali, japo hiyo haibadilishi upande ninaoegemea. Lakini mbolea unayoitaja inaeleza kilichotokea baadaye. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006, gugu lilirudi Winam kwa nguvu, na picha za setilaiti za NASA ziliuonyesha mkeka wa kijani ukitanda tena mwaka 2007. Fukusi hawakuwa wamekwisha kabisa. Mimea ilichipua kwa kasi waliyoshindwa kuifikia.

NEEMA: Na tangu hapo limekuwa likija na kuondoka. Kuhusu mashine za kukata na kuvuna, mimi naziona zinafaa kufungua gati au mlango wa bwawa, si kusafisha ghuba, kwa sababu vipande vinavyokatwa na kuachwa majini huchipua vingine, na vinavyooza vinakula oksijeni. Vivyo hivyo kuhusu kulitumia gugu kwa biogesi au kusuka viti: ni kipato kizuri kwa mtu mmoja mmoja, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu ni maji, na gharama ya kuyabeba maji hayo hadi nchi kavu ndiyo inayoamua yote.

ODHIAMBO: Msikilizaji mmoja ametuuliza: ikiwa fukusi wanafanya kazi, kwa nini isitoshe kuwaachilia mara moja tu?

NEEMA: Swali zuri. Mkeka unapozama, mabuu yaliyo ndani ya vikonyo na vifuko vilivyo kwenye mizizi huzama nao, na fukusi wazima wanaobaki hawana chakula wala mahali pa kutaga. Kisha mbegu zilizokaa kwenye tope zinachipua, Kagera inaleta mimea mingine, na gugu linaanza upya likiwa na adui wachache mno. Kizazi kimoja cha fukusi ni miezi, ongezeko la gugu ni wiki, kwa hiyo wakisubiriwa waongezeke wenyewe kutoka idadi ndogo, watakuwa wamechelewa. Ndiyo maana Kenya na Uganda zilikuwa na vidimbwi na mapipa ya kufugia fukusi, mengine yakitunzwa na vikundi vya wavuvi wenyewe. Taabu ni kwamba bajeti ya vidimbwi hivyo hukatwa mara ziwa linapoonekana safi, na huo ndio wakati wa kuvijaza fukusi, maana mvua kubwa ikinyesha watatakiwa kupelekwa ghubani ndani ya wiki chache, wakiwa maelfu.