Kufumbua Macho Si Kupona

Asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na swali ninaloulizwa karibu kila wiki, tena koridoni, ndugu wa mgonjwa aliyeumia ubongo na kupasuliwa kichwa amenishika koti: “Daktari, ameshaamka, ametutambua. Tunaondoka naye lini?” Kwanza, mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani namsaidia mgonjwa kujifunza upya shughuli za kila siku, kama kuvaa. Pili, kufumbua macho ndipo safari inapoanza.

Upasuaji huokoa uhai. Daktari ametoa damu iliyoganda, au ameondoa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Kipande hicho hurudishwa baada ya wiki kadhaa au miezi, na hadi hapo upande ule hauna mfupa wa kuukinga. Ndiyo maana tunamvalisha kofia ngumu kila anapoinuka kitandani.

Sasa anaongea, ila siku hazishiki kichwani. Asubuhi mmezungumza naye, mchana analalamika hakuna aliyekuja kumwona. Wengine hutukana na kung'oa mipira ya dripu. Mama mmoja alinililia: mwanawe hakuwahi kumtolea neno chafu maishani. Nilimweleza kwamba huyo si mwanawe aliyeharibika tabia. Ni ubongo unaoamka vipande vipande. Zimeni redio, ingieni mmoja mmoja, mtajieni siku na mahali alipo, na msibishane naye. Muda wa kipindi hiki cha kuchanganyikiwa hutueleza mengi kuliko ukubwa wa kovu: kikiwa kirefu, tujiandae kwa safari ndefu.

Mnaulizia mazoezi. Chukueni shati. Anaingiza mkono wa kulia, halafu anatulia, shati linaning'inia. Vidole vinaweza, kilichopotea ni mpangilio, nini kinafuata nini. Basi tunalirudia shati lilelile, kwa hatua zilezile, kila siku, kwa sababu ubongo hutengeneza njia mpya kwa kurudia. Dada yake akimvalisha kwa huruma, wanamaliza haraka, lakini mgonjwa hajajifunza kitu. Huruma ya namna hiyo hunipa kazi kweli!

Mabadiliko makubwa huonekana zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, kisha mwendo hupungua. Hupungua, sikusema husimama. Wapo wanaopiga hatua hata baada ya miaka 2. Dawa za kuzuia degedege asiziache bila daktari kusema, pombe asiiguse, na usukani asubiri ruhusa.

Lakini kinachovunja nyumba nyingi ni uchovu. Nywele zimeota, kovu halionekani, anatembea vizuri, na hapo ndipo anapoanza kuitwa mvivu. Kwake, kufuatilia maongezi ya watu watano kwa wakati mmoja ni kama kupanda mlima na mzigo. Akisema anataka kulala saa nne asubuhi, mwacheni alale kidogo.

Naona mkono umenyooshwa pale nyuma tangu nilipotaja kofia. Karibu, mama, uliza.