"Haipo" si "sijui": kuongeza hifadhi za mbali kwenye programu ya nakala rudufu

Ndugu zangu, habari za jioni.

Anayeandika kwa mara ya kwanza kiunganishi cha hifadhi ya mbali, yaani msimbo unaoiwezesha programu kuongea na huduma kama Dropbox, hudhani kazi kubwa ni kupakia faili. Wala. Mwenye huduma akiwa ametoa maktaba nzuri ya msimbo, kupakia utakumaliza mapema. Kazi iko kwenye majibu.

Chukueni rclone, programu ya kunakili na kusawazisha faili aliyoianzisha Nick Craig-Wood, iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Leo inaongea na hifadhi zaidi ya 70, lakini kiini chake hakijui Dropbox ni nini. Kinajua maswali machache tu: nipe orodha ya folda hii; faili hii ipo; ina ukubwa gani; ilibadilishwa lini; isome, iandike, ifute. Ukiweza kuyajibu, umeongeza hifadhi. Kama huduma yako haiwezi, tuseme, kunakili faili humohumo kwenye seva, unatamka kwamba haiwezi, na kiini kitaishusha faili na kuipakia upya.

Kila huduma ina vituko vyake. Google Drive inakubali faili mbili za jina lilelile ndani ya folda moja. Dropbox haibagui herufi kubwa na ndogo: Ripoti.pdf na ripoti.pdf kwake ni kitu kimoja. Amazon S3 nayo inakupa tarehe faili ilipopakiwa, si ulipoihariri, hivyo rclone huibandika tarehe halisi kwenye maelezo ya ziada ya faili. Haya yanaudhi, ila mtu huyazoea.

Jibu la uongo ndilo balaa. Kiunganishi kimeombwa orodha, mtandao ukakatika, na aliyekiandika akaimeza hitilafu, akarudisha orodha tupu. Ni mtunza stoo anayekwambia sukari imekwisha bila kunyanyuka kitini. Kwenye kusawazisha, yaani kuufanya upande wa pili ufanane na chanzo, chanzo kikionekana kitupu maana yake umefuta kila kitu, basi programu inakwenda kufuta na upande wa pili. rclone ikikuta hitilafu wakati wa kusawazisha hukataa kufuta, lakini kinga hiyo inafaa kitu pale tu kiunganishi kinapokiri kwamba kimekwama.

Kwa maoni yangu, git-annex ya Joey Hess, programu inayofuatilia nakala za faili zako ziko wapi, ndiyo iliyolipanga jambo hili vizuri zaidi. Kiunganishi chake kinaweza kuwa programu ndogo ya kando, kwa lugha yoyote, inayopokea na kujibu mistari ya maandishi. Likija swali kama faili ipo, majibu ni matatu: ipo, haipo, sijui. Hilo la tatu si mapambo. git-annex ikiombwa kufuta nakala iliyo kwenye kompyuta yako, kwanza inahakikisha kwamba nakala za kutosha ziko kwingine. Na "sijui" hupenda kujificha: ukiiuliza S3 kuhusu faili isiyokuwepo, kwa ufunguo usio na ruhusa ya kuorodhesha, unapewa 403 ("huruhusiwi") badala ya 404 ("haipo"). Faili ikiwepo nawe huna ruhusa ya kuisoma, ni 403 ileile. Anayeigeuza 403 kuwa "haipo" anabahatisha na data za watu.

Upo pia uongo wa kinyume, "ipo" ya faili iliyofika nusu. Bando likiisha katikati ya kupakia kwa SFTP, njia ya kuhamishia faili kwenye seva, seva hiyo inaweza kubaki na kipande chenye jina kamili. Pakia kwa jina la muda, ikikamilika ndipo ubadilishe jina.

Kabla hujaanza kuandika, lakini, angalia kama unahitaji. Mtumiaji wa restic, programu nyingine ya nakala rudufu, tangu toleo la 0.9.0 la mwaka 2018, anaweza kupitia rclone na kuzipata hifadhi zake bila kuandika kitu.

Ukishaandika, git-annex ina amri ya kujaribu hifadhi, na rclone ina majaribio ya pamoja kwa viunganishi vyote. Yaendesheni, kisha ongezeni la kwenu: chomoa waya wa mtandao faili kubwa ikiwa njiani, uliza kama ipo. Rudisha waya, weka nenosiri lisilo sahihi, uliza tena. Kikikujibu "haipo", usimgawie mtu.