Turubai Iliyotundikwa Kichwa Chini

Acheni kuuliza "hii ni picha ya nini?" Nimelisema hili mpaka midomo imekauka, na leo nalisema tena, kwa sababu kwenye kila onyesho la sanaa dhahania, ile ya mistari na rangi isiyoiga umbo la kitu chochote, mtu wa kwanza kuingia huinamisha kichwa, akakunja macho, kisha akatangaza kwa furaha: "Nimeona samaki!" Hakuna samaki. Mchoraji hakuficha samaki. Ukishampata huyo samaki wako, macho yanaacha kazi, maana yamepata jina la kushikilia.

Nasikia mguno kule nyuma. "Kama haioneshi kitu, nzuri na mbaya utazijuaje? Si hata wataalamu wenyewe walitundika moja kichwa chini?" Kweli, walitundika. Ahsante kwa kukileta, kwa sababu hakuna kisa kinachotumiwa vibaya kama hicho.

Piet Mondrian, mchoraji Mholanzi, alifika New York mwaka 1940 akikimbia vita. Mwaka 1941 alianza kazi iitwayo New York City I bila kushika brashi: alibandika tepe za gundi, nyekundu, njano, nyeusi na buluu, moja kwa moja kwenye turubai, nyingine wima, nyingine zikilala. Utepe una faida moja kubwa. Ukikosea nafasi, unaubandua, unausogeza sentimita mbili, unarudi nyuma kutazama. Rangi ya mafuta haina huruma hiyo. Mondrian akafariki mwaka 1944, kazi haina sahihi. Ikaoneshwa MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, mwaka 1945. Tangu 1980 iko kwenye jumba la sanaa la Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka 2022, katika maandalizi ya maonyesho, msimamizi wa maonyesho hayo, Susanne Meyer-Büser, akasema: jamani, hii imepinduliwa.

Alijuaje? Hapa ndipo wenye kucheka huwa wameshaondoka. Kwanza, ipo picha ya studio ya Mondrian iliyochapishwa kwenye jarida mwaka 1944, na ndani yake kazi hiyo imesimama kinyume na ilivyotundikwa. Pili, ina dada yake, New York City, ya rangi ya mafuta, mwaka 1942, ni ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris. Kwenye hiyo mistari imesongamana juu. Ile ya Düsseldorf msongamano ulikuwa chini.

Sasa tazameni ukutani, naipindua chapa yake. Msongamano ukiwa chini, jicho linaufanya sakafu. Mistari mingine inaukalia na kila kitu kinatulia. Upeleke juu: kazi nzima inaning'inia, chini kunabaki uwazi, jicho halipati pa kukaa, linapanda lenyewe. Mistari ni ileile, rangi zilezile. Kwa hiyo kisa hiki hakisemi kwamba kazi haina juu wala chini. Kinasema inayo, ila watu walipita mbele yake miaka yote hiyo wakisoma kibandiko cha maelezo pembeni! Na bado haikugeuzwa. Gundi imechoka, tepe zimelegea. Ukiipindua leo, uzito utavuta upande mwingine na zinaweza kudondoka.

Basi fanyeni hivi. Simama kama mita tatu, kibandiko usikisome. Angalia jicho limetua wapi kwanza, likahamia wapi. Kisha funga jicho moja, nyoosha mkono, ziba kipande kimoja kwa kiganja. Kuna kilicholegea? Upande mmoja umezidi uzito? Ondoa kiganja, ziba pengine. Kama popote uzibapo hakibadiliki kitu, basi ama hukutazama, ama kazi yenyewe ni mbovu. Na mbovu zipo tele, msidhani natetea kila turubai iliyomwagiwa rangi. Halafu sogea, kagua kingo: mstari unafika ukingoni au unakatika kabla? Dakika tano kwa kazi moja. Watu wengi hushindwa kwenye dakika ya pili, wanatoa simu.

"Lakini haya ni mambo ya Wazungu." Aa! Nenda Lamu ukatazame zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nakshi zake za chokaa. Tazama mkeka wa ukindu. Nani amewahi kumuuliza msusi mkeka huu ni picha ya nini? Tunamwambia ukili mwekundu umekaribiana mno na wa zambarau, tunamrudishia. Jicho hilo mnalo tayari. Mkiingia kwenye jumba la sanaa mnaliacha mlangoni.

Muda umeniishia, Malevich, mchoraji wa Urusi, nampitia mbio. Mraba Mweusi, 1915, kila upande sentimita 79.5, uko Moscow. Kwenye onyesho la Petrograd aliutundika juu kabisa kwenye kona, pale ambapo Warusi wa Orthodoksi huweka ikoni, picha zao takatifu, nyumbani. Weusi ulipakwa juu ya rangi nyingine ambazo hazikuwa zimekauka sawasawa, ukapasuka, na kwenye nyufa rangi za chini zinachungulia. Pande zake pia hazijanyooka kamili. Ukiona "mraba tu", basi umeuona kwenye simu tu.

Rothko, mchoraji wa Marekani: sogea karibu, yeye mwenyewe alishauri kama sentimita 45. Rangi zake ni tabaka nyembamba moja juu ya nyingine, na simu inazisaga zote kuwa rangi moja. Kandinsky, mchoraji mwingine wa dhahania, nilimwandalia dakika kumi, hazipo.

Chapa za kazi hizi zimebandikwa kule nyuma, vibandiko nimeving'oa. Chai ipo, lakini anzeni na ukuta.