Miski: Harufu Moja, Dawa Mbili

BAKARI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi Bakari, niko na dada Mwanaisha. Leo tunaongea miski katika Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi. Dada, naona umekuja na kitu mkononi.

MWANAISHA: Mbegu hizi. Zisugue, kisha unuse.

BAKARI: Mh! Si miski hii?

MWANAISHA: Subiri, tuanze na yenyewe. Wahindi wanaiita kasturi. Inatoka kwa paa dume wa Himalaya, mnyama mdogo asiye na pembe, ila dume ana meno mawili marefu yanayochomoza nje ya mdomo. Karibu na kitovu ana kifuko chenye kama gramu 25 za miski. Ikiwa mbichi inanuka vikali hadi kukera. Ikikauka na kuzimuliwa, ndipo unapoipata ile harufu tamu.

BAKARI: Nyumbani, mtu akizimia msibani, bibi alikuwa anafungua kichupa cha miski na kumsogezea puani.

MWANAISHA: Na tabibu wa Ayurveda angemwelewa bibi vizuri. Kwao kasturi ni dawa ya moto: inapunguza vata na kapha, vile vinavyoleta baridi na uzito mwilini. Ndiyo maana wakampa aliyezimia, mwenye degedege, mwenye homa inayomwewesesha, na mwenye moyo uliolegea. Kitabu chao cha karne ya 16, Bhavaprakasha, kinaipanga kwa daraja: ya Kamarupa, upande wa Assam huko India, nyeusi, ndiyo bora, kisha ya Nepal, ya Kashmir mwisho.

BAKARI: Kifuko kimoja gramu 25. Basi kilo moja ni madume 40!

MWANAISHA: Na mtego wa kamba haujui dume wala jike wala mtoto. Wote wananasa. Mimi hesabu hiyo inaniumiza, kaka. India inamlinda kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972, na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, umefunga biashara ya paa wa India na Nepal. Hata hivyo bado anawindwa.

BAKARI: Na hizi za chupa madukani?

MWANAISHA: Nyingi ni za maabara. Mjerumani Albert Baur alipata miski ya kutengenezwa mwaka 1888, akiwa kwenye utafiti wa vilipuzi.

BAKARI: Haya, mbegu sasa.

MWANAISHA: Latakasturi. Ni ndugu wa bamia kabisa, ukiona ua lake utadhani bamia. Watengenezaji dawa huitia mahali pa kasturi.

BAKARI: Basi si tumepona? Paa abaki porini.

MWANAISHA: Kwa paa, naam. Kwa dawa, hapana. Vitabu vile vile vinasema mbegu hii ni ya baridi, nzuri kwa kiu na kinywa kinachonuka. Kasturi ni moto. Pua inaona kitu kimoja, tabibu anaona viwili. Kwa hiyo ukiuziwa vidonge vya kasturi, uliza ndani mna nini. Na ile dawa yao iitwayo Kasturi Bhairava Rasa ina zebaki. Usiimeze kwa kusikia sifa, na mtoto mwenye degedege mkimbize hospitali.

BAKARI: Mkono wangu bado unanukia. Nikurudishie mbegu zako?

MWANAISHA: Kaa nazo, uzipande. Bamia umeshalima, kazi unaijua.