Meno, oga na ndoo: mazungumzo kuhusu zana za kuchimbia nguzo za zege

Haya jamani tuanze, waliobaki watatukuta njiani. Huko nyuma mnanisikia? Sawa.

Kabla sijasema lolote kuna vitu viwili napitisha hapa, shikeni, mpeane mkono kwa mkono, vizito kidogo msije mkaangushia vidole. Hayo ni meno ya kuchimbia mwamba, aina moja, yametoka kwenye chombo kimoja na yamefungwa siku moja. Hilo la kwanza limelika pande zote sawasawa, limekuwa fupi lakini ncha bado iko katikati kama penseli iliyochongwa. La pili limelika upande mmoja tu, utadhani mtu kakaa analisugua kwenye sakafu. Liangalieni vizuri, baadaye nitauliza limekuwaje.

Sasa. Wengi hapa mnajua nguzo za msingi ni nini ila nawakumbusha haraka kwa ajili ya wenzetu wa ofisini. Jengo ni zito, udongo wa juu hauna nguvu, kwa hiyo unachimba shimo la duara linaenda chini mpaka kwenye tabaka linaloeleweka, unashusha nondo zilizosukwa, unamwaga zege. Upana unaweza ukawa milimita 600, unaweza ukawa mita 2 na zaidi. Lile jengo la Burj Khalifa kule Dubai limekaa juu ya nguzo za namna hii zaidi ya 190, kila moja upana wake mita 1.5 na urefu kama mita 43 hivi. Zimo humo ardhini na hakuna mtu atakayeziona tena, na hiyo ndo shida ya kazi yetu, ukishamwaga zege umefunga mlango.

Na watu wengi, hata mainjinia usishangae, wanadhani kazi ya zana ya kuchimbia ni kutoa udongo. Kutoa udongo ni nusu tu. Nguzo inabeba mzigo kwa njia mbili, ukuta wake unashikana na udongo ulioizunguka, na kitako chake kinakaa juu ya kitu kigumu. Ukuta huo na kitako hicho nani kavitengeneza? Chombo. Kwa hiyo unaweza kuchimba shimo la urefu uleule ulioandikwa kwenye mchoro, kila mtu akasaini, na ukapata nguzo mbovu kwa sababu ukuta umelegea au kitako kina tope la sentimita ishirini. Hilo ndo nataka mtoke nalo hapa, mengine yote ni maelezo yake.

Tuanze na kinachoshika chombo, ile keli. Keli ni mabomba yanayoingiana, moja ndani ya jingine, kama antena ya redio za zamani ukiivuta inarefuka. Mabomba manne ya mita 12 yanakufikisha mita arobaini na kitu. Ziko za aina mbili. Kuna inayosukuma kwa msuguano tu, hii ni nyepesi na inafaa udongo laini, halafu kuna yenye vifungo, bomba linajifunga kwenye bomba na hapo unaweza kukandamiza kwa nguvu kweli, ndo ya mwamba hiyo. Sasa ile ya vifungo ina tabia moja mbaya. Kabla hujainua lazima uzungushe kinyume kidogo vifungo viachie. Opereta mwenye haraka anasahau, anavuta waya unaoinua keli, mabomba ya nje yanapanda yamening'inia kwenye la ndani, halafu ghafla yanajiachia. Tani kadhaa za chuma zinadondoka ndani ya zenyewe. Ukisikia ule mlio hutausahau, na kama kuna mtu amesogea pale chini ili aone kinachoendelea basi tena.

Na juu ya keli pale inapokutana na waya kuna kitu kidogo kinaitwa swivo, kazi yake ni kuacha keli izunguke waya usizunguke. Ikikwama waya unajisokota wenyewe na nyuzi zinaanza kukatika toka ndani usikoona. Kitu cha kupaka grisi tu hicho!

Haya, zana zenyewe. Oga. Siyo ile ya bafuni, hii ni parafujo kubwa, bapa la chuma limezungushwa kwenye mhimili, chini lina meno na katikati lina ncha inayoliongoza lisiyumbe. Inazama, udongo unapanda juu ya mabapa, unainua, unaizungusha kwa kasi pembeni udongo unaruka, unarudi. Hakuna kinachokimbia kama oga kwenye udongo mkavu au mfinyanzi ulioshikana. Lakini ukishafika kwenye maji, acha. Maji yanausafisha udongo kwenye mabapa wakati unapanda, unafika juu na oga safiii imeng'aa kama mpya, udongo wote umerudi chini na sasa ni tope. Nimeona watu wanarudia hivyo saa nzima wanashangaa kina hakiongezeki.

Kwenye maji au mchanga unaobomoka unatumia ndoo. Ndoo ya kuchimbia ni pipa la chuma lenye kitako cha sahani mbili. Ukizungusha upande wa kuchimba sahani zinaacha matundu wazi, udongo unaingia, ukizungusha kinyume kidogo matundu yanajifunga, unainua na mzigo wako, juu kuna kifyatuo ukikigonga kitako chote kinafunguka kama mlango. Ni chombo chenye akili. Ila kina hatari yake na hapa nataka nikae kidogo.

Mmeshawahi kuvuta bomba la sindano, lile la hospitali? Ukivuta haraka linanyonya. Ndoo ndani ya shimo lililojaa maji au bentonaiti, yaani ule uji wa udongo maalumu unaojazwa shimoni kushikilia ukuta, ni bomba la sindano. Ndoo karibu inajaza shimo lote, opereta akiivuta kwa pupa chini yake panabaki utupu, maji ya pembeni yanavutwa ndani ya shimo, mchanga unakuja nayo, ukuta unabomoka. Na huoni! Juu kila kitu kimetulia. Utakuja kujua siku ya zege, ulipiga hesabu ya kyubiki, yaani mita za ujazo, 16 inaingia 22 na bado haijajaa. Ndo maana ndoo nzuri ina njia ya pembeni au bomba katikati la kupitisha maji kwenda chini wakati inapanda, na ndo maana nasema siku zote, shuka taratibu, panda taratibu, ile dakika unayookoa utailipa na lori la zege.

Kingine cha ndoo, ipimeni. Meno ya pembeni yanalika, na yakilika shimo linakuwa jembamba. Sema nguzo ni mita 1.2, ndoo imelika imebaki mita 1.15, sentimita 5 tu, nani anajali? Piga hesabu. Eneo la kitako limepungua kama asilimia 8, ukuta asilimia 4. Na bado hapo nondo zako zitakosa nafasi ya zege ya kuzifunika. Futi ya mkononi, sekunde thelathini, kila asubuhi. Mimi kwenye saiti ninazosimamia ndoo haishuki mpaka nimeona mtu kaipima, wananiona msumbufu, sawa.

Turudi kwenye meno sasa, yamefika wapi? Haya. Meno yako ya aina mbili kubwa. Bapa, hayo ni ya udongo, yanakata kama jembe. Na haya ya duara kama risasi, ncha yake ni ya tungsteni kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, hayakati, yanavunja mwamba vipande vipande. Ukipeleka bapa kwenye mwamba linateleza tu na kuchemka. Ukipeleka risasi kwenye mfinyanzi wenye maji udongo unajaza nafasi zote kati ya meno kama tope kwenye soli ya kiatu, na kuanzia hapo hauchimbi, unapiga pasi ukuta wa shimo. Na mfinyanzi uliopigwa pasi unakuwa laini unateleza, nguzo inakosa pa kushika.

Nani anajua lile la pili limelikaje upande mmoja? ... Eeh, huyu dada amepata. Halikuzunguka. Jino la risasi limekaa kwenye soketi yake, ile ala ya chuma inayolishika, legelege makusudi, likigusa mwamba linajizungusha lenyewe kidogokidogo, hivyo linalika pande zote na ncha inabaki katikati. Tope likikauka ndani ya soketi, au fundi amelichomelea soketi kwa pembe isiyo yake, jino linaganda. Likiganda linalika upande mmoja, baada ya hapo linasugua badala ya kuvunja, opereta anaona kasi imeshuka anaongeza kukandamiza, joto linapanda, kabaidi inapasuka, na sasa soketi yenyewe ndo inagusa mwamba. Jino moja limeua soketi na soketi itaharibu la jirani. Dawa yake ni maji na mkono, chombo kikipanda mwagia maji, zungusha kila jino kwa vidole, lisilozunguka gonga nyundo. Kazi ya kijana mmoja.

Kwenye mwamba wenyewe sitakaa sana kwa sababu muda. Kosa kubwa ni kutaka kuusaga mwamba wote. Kuna pipa lisilo na kitako, mdomo wake una meno, hili linakata duara tu kama unavyokata biskuti kwa kikombe, katikati panabaki gogo la jiwe. Unalivunja kwa kulikaza na kulisokota, unalitoa zima. Umesaga ukingo wa sentimita chache badala ya eneo lote. Mwamba uliopasukapasuka hautakupa gogo, huo nenda na oga ya mwamba yenye umbo la ncha. Na kama shimo ni pana anza na jembamba, milimita 800 kwanza halafu 1200, usianze na mdomo mkubwa. Mwamba mgumu kabisa ndo unaita nyundo ya hewa, ile inayogonga huko huko chini, kompresa inapiga kelele juu, inapita kila kitu ila mafuta inakunywa.

Zile oga ndefu moja kwa moja zenye tundu katikati, unazama mara moja mpaka chini halafu unapampu zege huku unapanda, ni nzuri na za haraka, kelele kidogo, ila ukiizungusha bila kuzama inavuta udongo wa pembeni na kuulegeza, majirani wataona nyufa. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Mwisho wa kuchimba kuna ndoo ya kusafishia, kitako chake bapa, haina ncha katikati. Wengi wanairuka. Chimba umalize, acha mashapo yatulie, safisha, halafu pima kwa kamba yenye uzito. Mimi napenda kuishika kamba mwenyewe. Uzito ukigonga mwamba unausikia kwenye vidole, tik. Ukigusa tope unalala tu, kama umekanyaga godoro. Ukisikia godoro usimwage zege, simjali anayepiga simu kusema malori yameshafika.

Swali? ... Anauliza kama nimewahi kupoteza chombo shimoni. Nimewahi. Nilikuwa kijana, msimamizi wa zamu, chombo kinashikwa kwenye keli na pini moja nene na pini inashikwa na klipu. Klipu ilipotea, mtu akafunga kwa waya wa kufungia nondo, mimi nikauona ule waya na nikasema tumalizie hili shimo kwanza. Mita 18 chini pini ikachomoka. Keli ikapanda nyepesi, opereta akaniangalia, nikamwangalia. Tulivua siku mbili na ndoano tuliyoichomelea pale pale, ndoo ikaja kutoka, lakini siku mbili ukuta haukusubiri, ulishabomoka. Shimo likajazwa, injinia akalazimika kuchora upya, nguzo mbili badala ya moja, na zile nguzo mbili nilizichimba mimi.

Wewe wa mwisho, halafu tunamaliza... Kwamba si bora kukodi rigi, yaani mashine yenyewe ya kuchimbia, kubwa yenye nguvu ikamaliza kila kitu? Hapana ndugu yangu. Rigi yenye nguvu ya kuzungusha mara mbili ikiwa na meno yaliyolika itakuharibia soketi mara mbili haraka. Nipe rigi ya kawaida, opereta asiye na papara, na kontena lenye oga mbili, ndoo mbili, pipa la kukatia, ndoo ya kusafishia na sanduku la meno mapya. Na klipu za pini za akiba, ziwe nyingi.

Haya, meno yangu yarudi mbele, yote mawili tafadhali, lile bovu ndo nalihitaji zaidi.