Malindi: mji wa pwani uliochaguliwa kwa hesabu

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo hapa Arusha nalirudia. Mwanafunzi wetu anaijua nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, lakini mtajie Uhuru, atakuonyesha kilele cha Kilimanjaro. Uhuru ni setilaiti! Ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ilirushwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Jina likatoka hapo.

Kwa nini Ngomeni? Wengi hujibu kwamba karibu na Ikweta dunia inakusukuma. Kweli, mita 464 hivi kwa sekunde kuelekea mashariki. Lakini Florida nayo inakupa mita 409, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Uzito wa jambo uko kwenye kona. Roketi ikielekezwa mashariki kutoka Florida, njia yake ya kuzunguka dunia inainama nyuzi 28 na nusu kutoka Ikweta. Ukitaka setilaiti izunguke juu ya Ikweta, kuilaza njia hiyo kunadai badiliko la mwendo la karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, na setilaiti yenyewe inakwenda kilomita 7.6. Nusu ya mwendo inaliwa na kona! Scout, roketi ndogo ya Marekani iliyotumika Ngomeni, yenye hatua 4, yaani vipande vinavyowaka kimoja baada ya kingine, nguvu hiyo haikuwa nayo. Ngomeni mwinamo ni nyuzi 3 tu, unauacha ulivyo.

Mtu ataniambia, mbona Arusha nayo iko nyuzi 3 na kitu kusini? Sawa, ila hatua ya roketi ikimaliza mafuta inaanguka. Mashariki yetu kuna Moshi, kuna Voi, kuna watu. Mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi.

Ndiyo maana Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini kwa miguu ya chuma: San Marco la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Scout ilitumia mafuta magumu, hivyo hapakuwa na matangi ya kujaza baharini, ila yakishawaka hayazimiki.

Setilaiti ya kwanza ilitoka pale Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988. Hoteli, piza, vijana wa ufukweni kuongea Kiitaliano, hayo mnayajua, nayaruka. Nikumbushe moja: orodha ya nne ya Uhuru ina vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo wanaastronomia wanaviita 4U na namba zake. Hiyo U ni Uhuru.