Ku Luvua Nani Aliulizwa?

Asanteni, asanteni, mukae. Bale ba nyuma musogee, viti viko hapa mbele, mi sikulake mutu.

Najua bamoja balikuja kusikia mugodi ya Shinkolobwe. Hapana. Ile uraniumu na bomu ya Hiroshima kila mutoto wa Likasi anazijua, tuziache. Leo naongea ile jambo naongeaka kila mwaka mpaka mama ku nyumba amechoka nayo: fuze, njo roketi, za muto Luvua.

Mu 1975 Mobutu alisaini kontra na kompanyi ya Ujerumani inaitwa OTRAG. Akaipatia kama kilomita mraba 100,000, sikilizeni vizuri, Ubelgiji yote haifike hata 31,000, kwa hiyo ni Ubelgiji tatu na kipande, mpaka mwaka 2000! Kazi yao ilikuwa kujaribu fuze kule juu pembeni ya muto Luvua, upande wa Manono. Fuze yenyewe ni matiyo, matiyo marefu yamefungwa pamoja kama kuni za mama anatoka mu pori, ndani petroli na asidi. Munacheka, lakini iliruka. Ya kwanza 17 Mei 1977, ya pili 20 Mei 1978. Hiyo ya pili muiweke mu kichwa, juu jana yake, tarehe 19, parashuti za basoda Bafaransa zilikuwa zinashuka ku vita ya Kolwezi. Batu banakufa Kolwezi, na mu Shaba ile ile, njo Katanga, bazungu bengine bako banahesabu tano, ine, tatu...

Halafu 5 Juni Mobutu mwenyewe alikuja kuangalia ya tatu. Fuze ikapanda, ikapinda, ikarudi chini. Mbele ya Mukubwa! Kila mara nikifika hapa batu banacheka, na mi nacheka, kisha naulizaka: ingepindia ku kijiji je?

Sasa ule kijana wa shemizi ya buluu, naona anatikisa kichwa, anataka kusema papa, ile haikukuwa silaha, ilikuwa ya satelaiti. Njo vile kompanyi ilisemaka mpaka mwisho, na mi siwezi kukuapia kinyume. Lakini mukubwa wa baraza lao alikuwa Kurt Debus, mutu alitumika ku makombora V-2 za Hitler mbele ya kwenda kwa Bamarekani. Na kwao Ujerumani Magharibi ilikuwa imekatazwa kutengeneza makombora ya masafa marefu. Tiyo haijue kama umeweka juu yake satelaiti ao bomu, mwanangu. Utaniambia ikweta, karibu na ikweta dunia inasukuma fuze, petroli inapunguka. Kweli kabisa. Lakini ikweta inapita ku inchi mingi. Ku kwetu njo kulikuwa mutu mumoja anaweza kusaini peke yake, bale ba Luvua habaone hata karatasi. Hiyo njo ikweta balikuwa banatafuta!

Mu 1979 Leta ikafunga ile kazi, si juu yetu, ni juu Basovieti na majirani balipiga kelele. Kompanyi ikahamia Libya kwa Gaddafi, kule pia mutu mumoja alikuwa anasaini.

Nilikuwa na Aljeria pia, haraka haraka: Bafaransa balilipua kule bomu yao ya kwanza ya atomiki, ku Reggane, 13 Februari 1960, zote 17 mpaka 1966, na kumi na moja kati yazo zililipuka kisha Aljeria imepata uhuru, juu ilikuwa imeandikwa mu mapatano ya Evian, kati ya Bafaransa na Baaljeria. Tena kontra! Ku In Ecker, 1 Mei 1962, mulima ulipasuka, moshi ukatoka, minista Messmer mwenyewe akakimbia. Batuareg, bale batu ba jangwa, balikimbia na motokari gani? Bikini, Maralinga, kule pia balijaribu bomu za atomiki, nilikuwa nimeziandika... padiri anaangalia saa, basi.

Ile kontra ya 1975, nani hapa ameisomaka? Mukono juu. Hakuna. Haya, wewe wa buluu, simama, nakungoja tangu mwanzo.